Tuliachishwa siku moja, wenzangu wana kazi: kwa nini mimi bado?

Ndugu Mshauri, salaam.

Nina miaka 38 na kazi yangu ni utunzaji wa stoo. Kampuni niliyoitumikia miaka 9 ilipunguza wafanyakazi, na siku moja tulikabidhiwa barua watu wanne wa idara yetu. Mmoja alipata kazi kabla hata ya wiki 6 kwisha, kwenye kampuni ya usafirishaji ambayo hatukuwahi kuiona ikitangaza nafasi. Wa pili alichukua miezi 4, wa tatu 7. Mimi natimiza miezi 11.

Si kwamba nimekaa tu. Maombi niliyotuma yanapita 100, karibu yote kwa nafasi za mtunza stoo zinazotangazwa mtandaoni. Usaili nimeitwa mara tatu, zote ndani ya miezi minne ya mwanzo. Baada ya hapo kimya. Mwezi wa pili nilipewa kazi kwa asilimia 80 ya mshahara wangu wa zamani, nikaikataa. Kiinua mgongo kilikuwa bado kipo benki, na niliamini miezi miwili mitatu ingetosha kupata kazi ya hadhi yangu.

Nyumbani sasa mimi ndiye wa kutumwa. Mgonjwa akipelekwa hospitali, ni mimi. Fundi akija, mimi ndiye wa kumngoja. Watoto wa ndugu wakifunga shule, wanaletwa kwangu. Nashindwa kukataa kwa sababu jibu nalijua: "Si huna kazi?"

Wiki hii nimepata ofa: mkataba wa miezi 3 wa kuhesabu mali na kusawazisha leja kwenye ghala la kampuni nyingine, kwa asilimia 60 ya mshahara wa zamani. Wanataka jibu Ijumaa. Mume wangu anasema nikubali, kaka yangu anasema nitajishusha thamani. Tena nimesikia kwamba ukishatimiza mwaka bila kazi waajiri hawakutaki tena. Je, ni kweli? Na wenzangu wamenizidi nini? Ni bahati, au nina kasoro nisiyoijua?

Natimiza Mwaka

*

Dada, pole kwa miezi hii. Tuanze na la Ijumaa kwa sababu halingoji: kubali. Kwa nini, na mambo gani uhakikishe yameandikwa kabla hujatia saini, tutafika huko.

Swali lako la bahati lina jibu la hesabu. Chukua watu 100 wanaofanana kwa kila kitu, kila mmoja akiwa na uwezekano wa asilimia 10 wa kupata kazi katika mwezi wowote. Mwezi wa kwanza wanaondoka 10, wa pili 9, na kuendelea hivyo. Kabla ya mwezi wa 7 kwisha, nusu yao wameshaondoka. Lakini mwezi wa 11 ukiisha, watu 31 bado wako nyumbani, na hakuna hata mmoja kati yao aliyepungukiwa na kitu walichokuwa nacho wenzake. Kwa hiyo watu wanne kuachishwa siku moja na mmoja wao kubaki miezi 11 si ushahidi wa kasoro yoyote. Sasa badilisha namba moja tu: uwezekano wa kila mwezi uwe asilimia 20. Mwezi wa 11 ukiisha wamebaki 9. Huo uwezekano wa kila mwezi ndio wa kushughulikia, na bahati uiache ifanye yake.

Uwezekano huo una vipande vinne vinavyozidishana: nafasi ngapi zinakufikia, maombi yako yanaleta mwito wa usaili mara ngapi, usaili unaupita mara ngapi, na ukipewa ofa unaikubali au unaikataa. Kwa kuwa vinazidishana, kimoja kikikaribia sifuri, uzuri wa vile vingine hauokoi kitu. Nyuma yake yapo mambo ambayo huyawezi: hali ya uchumi, idadi ya watu wanaogombea nafasi moja, sekta yako inakua au inanywea, umri, umbali kati ya unapoishi na kazi zilipo. Yana uzito mkubwa, pengine kuliko yote tutakayoyataja hapa, lakini kuyajua hakukupi cha kufanya Jumatatu asubuhi, basi tuyapite.

Namba zako zenyewe zinaonyesha kipande kilichokufa. Ungekuwa unashindwa kwenye usaili, ungeendelea kuitwa na kukataliwa. Wewe huitwi. Uliitwa mara tatu katika miezi minne ya mwanzo, halafu hakuna, ilhali sifa ni zile zile na wasifu ni ule ule. Kilichobadilika ni kitu kimoja: tarehe ya mwisho ya kazi yako ya mwisho imezidi kuwa mbali. (Kwa sababu hiyo usitoe hela ya semina za "mbinu za kujibu usaili" kwa sasa. Zina wakati wake, na wakati huo ni pale utakapoanza kuitwa tena.)

Muda wa kukaa bila kazi ni matokeo ya mambo mengine, lakini baada ya miezi kadhaa nao hugeuka kuwa sababu. Mwaka 2013 wanauchumi Kory Kroft, Fabian Lange na Matthew Notowidigdo walichapisha jaribio ambalo nakala 12,000 hivi za wasifu wa kubuni zilitumwa kwa matangazo ya kazi kama 3,000 katika miji 100 ya Marekani. Urefu wa pengo la kila mwombaji ulipangwa kwa kubahatisha, usifungamane na sifa zake. Miito ya usaili ilipungua kadiri pengo lilivyorefuka, na sehemu kubwa ya kupungua huko ilitokea ndani ya miezi 8 ya kwanza. Adhabu ya pengo ilikuwa kali zaidi pale ambapo kazi zilikuwa nyingi. Hilo lina mantiki yake: mwajiri mwenye maombi 200 mezani hajui uwezo wako, anatafuta njia ya haraka ya kupunguza rundo, na anajiambia kwamba ikiwa kazi zipo na bado huyu hajachukuliwa, lazima wenzangu wameona kitu. Hawajaona kitu. Kila mmoja anamwangalia mwenzake.

Hapo ndipo lilipo jibu la uvumi wa mwaka mmoja. Miezi 12 ni mstari wa watu wa takwimu. Nchi nyingi na mashirika ya kimataifa huhesabu ukosefu wa kazi kuwa wa muda mrefu kuanzia hapo, na Marekani wao huanzia wiki 27. Hakuna mlango unaofungwa siku ya 365. Hasara kubwa ya pengo umeshaipata, na mwezi wa 12 hauongezi nyingi juu ya wa 11. Ni kweli kwamba waliokaa muda mrefu hupata kazi kwa kasi ndogo kuliko waliotoka kazini juzi, lakini sehemu ya tofauti hiyo ni mchujo tu. Wenye sifa zinazogombewa huondoka mapema, na wastani wa waliobaki unashuka hata kama hakuna aliyebadilika. Wastani wa kundi hausemi lolote juu yako wewe.

Tukija kwenye sababu ya kukubali huo mkataba: huko Sweden, Stefan Eriksson na Dan-Olof Rooth walichapisha mwaka 2014 jaribio la namna hiyo hiyo. Walikuta kwamba pengo refu la zamani halikumdhuru mwombaji ikiwa baada yake alifanya kazi. Lililodhuru ni pengo linaloendelea, likifika miezi 9 au zaidi, tena katika kazi zisizodai elimu ya juu sana. Maana yake kwako ni kubwa. Miezi 3 ya kuhesabu mali inageuza pengo la sasa kuwa pengo la zamani. Siku ya kwanza tu ukishaingia ghalani, mstari wa juu kabisa wa wasifu wako unasomeka "hadi sasa", na afisa utumishi anayepitisha macho kwa sekunde chache anauona huo kabla ya kitu kingine chochote.

Kaka yako, hata hivyo, ana nusu ya hoja. Tafiti hazisemi kwamba kazi yoyote ile ni bora kuliko kukaa. Jaribio jingine la Marekani, la Henry Farber, Dan Silverman na Till von Wachter, lilihusu wanawake wenye shahada, na waliokuwa wameshika kazi ya muda iliyo chini kabisa ya kiwango chao waliitwa mara chache zaidi kuliko ambao hawakuishika. Kama ofa ingekuwa ya kuuza vocha au kupokea wageni mapokezi, tungekuwa na mjadala. Lakini kuhesabu mali na kusawazisha leja ni kazi ya stoo. Mshahara ni mdogo ila fani ni ile ile, na mshahara hauandikwi kwenye wasifu.

Sasa hesabu yenyewe, kwa kuwa ndiyo iliyokuponza mwezi wa pili. Mshahara wa zamani tuuite 100. Ile ofa ya 80, kwa mwaka mzima, ingekupa 960. Ili kukataa kwako kulipe ndani ya mwaka huo, ulihitaji kupata kazi ya 100 ndani ya miezi 2.4 tu, kwa sababu miezi 9.6 kwa 100 nayo ni 960. Imepita miezi 9 tangu ukatae, yaani umeacha 720 mezani. Hata ukipata kazi ya 100 kesho, ile ziada ya 20 kwa mwezi itachukua miezi 36 kufidia. Lengo si kukulaumu. Uamuzi ule ulikuwa na akili kwa matarajio uliyokuwa nayo, na kosa lilikuwa kwenye matarajio. Wengi huanguka hapo: katika takwimu za Marekani alizozichambua Johannes Spinnewijn, wasio na kazi walitarajia kukaa wastani wa wiki 7 hivi na waliishia kukaa 23. Na kiinua mgongo nacho kina kazi yake. Utafiti wa David Card, Raj Chetty na Andrea Weber kule Austria ulionyesha kwamba malipo ya mkupuo yaliyolingana na mshahara wa miezi miwili yalipunguza kasi ya watu kuingia kazini kwa asilimia 8 hadi 12, na kazi walizozipata baadaye hazikuonekana kuwa bora kwa sababu ya kungoja. Fedha ile inampa mtu subira, na subira hiyo haikuzaa mshahara mkubwa zaidi.

Kwa ofa yoyote ijayo, tumia kanuni hii fupi. Chukua tofauti kati ya mshahara unaoutaka na ule uliopewa, igawe kwa ule unaoutaka, kisha zidisha kwa 12. Jibu ni idadi ya miezi unayoweza kungoja ndani ya mwaka mmoja bila hasara. Ofa ya 90 ukitaka 100: miezi 1.2. Ofa ya 60: miezi 4.8. Halafu jiulize kwa ukweli, miezi mingapi imepita tangu mwito wako wa mwisho wa usaili? Wako una miezi 7. Na huu mkataba ni wa miezi 3 tu, haukufungi usitafute, kwa hiyo hata hiyo miezi 4.8 haikuhusu: unaendelea kutafuta huku unalipwa.

Twende kwa mwenzako wa wiki 6, kwa sababu yeye ndiye mwenye funzo. Alipata kazi ambayo haikutangazwa, kwenye kampuni ya usafirishaji. Mtunza stoo anajuana na nani huko? Na madereva, makarani wa mizigo, watu anaosainiana nao hati za kupokelea mali. Hao si ndugu wala marafiki wa kulia naye, ni watu wa salamu. Mwanasosholojia Mark Granovetter alilionyesha jambo hili miaka ya 1970 huko Massachusetts, Marekani: katika wanaume aliowahoji waliopata kazi kupitia mtu, ni asilimia 17 hivi tu waliokuwa wakimwona mtu huyo mara kwa mara, na wengine wote walimwona kwa nadra au mara moja moja. Marafiki wa karibu wanajua nafasi zile zile unazozijua wewe, maana mnakaa meza moja. Wa mbali wanajua za kwao.

Basi kaa na daftari, uandike majina 30 ya watu wa aina hiyo kutoka miaka 9 ya kazi: wauzaji waliokuletea mali, madereva, wakaguzi wa hesabu waliokuja kila mwisho wa mwaka, watunza stoo wa matawi mengine, fundi wa mashine za kunyanyulia mizigo, waliowahi kuacha kazi pale kabla yako. Hao wa mwisho ndio wanaosahaulika zaidi, na ndio wanaofaa zaidi kwa sababu tayari wako kwenye kampuni nyingine. Waandikie watano kwa wiki, mmoja mmoja. Ujumbe wa jumla kwa kundi usitume, kila anayeusoma hudhani mwingine atajibu. Na usiombe kazi. Ukiomba kazi, asiye nayo hana la kujibu, atanyamaza kwa aibu. Omba habari. Kitu kama hiki kinatosha:

"Habari za siku nyingi, ni mimi wa stoo, tulikuwa tukipokezana mizigo yenu. Idara yetu ilipunguzwa, sasa niko kwenye mkataba wa miezi 3 wa kuhesabu mali. Naomba kuuliza: huko kwenu stoo na usambazaji vinasimamiwa na nani siku hizi? Ningependa kujua wanatumia mfumo gani na huwa wanaajiri kipindi gani."

Jina la msimamizi ukilipata, mwandikie huyo, ukimtaja aliyekuelekeza. Umeona pia jinsi mkataba ulivyoingia katikati ya ujumbe? Hiyo nayo ni faida yake.

La pili alilokuzidi ni upana. Wewe unaomba "mtunza stoo" na hilo tu. Michèle Belot, Philipp Kircher na Paul Muller walifanya jaribio Edinburgh, Uskoti: watafuta kazi walionyeshwa kwenye kompyuta kazi nyingine ambazo watu wa fani yao huwa wanahamia, na mahali zinakopatikana. Mialiko ya usaili iliongezeka kwa asilimia 44, na walionufaika hasa ni wale waliokuwa wakitafuta kwa wembamba na wamekaa miezi kadhaa bila kazi. Ujuzi wako ukiuvunjavunja ni huu: kupokea na kukagua mzigo dhidi ya hati, kuandika leja, kuhesabu na kueleza tofauti, kupanga kinachoingia kwanza kitoke kwanza, kujua lini mali inakaribia kwisha, kusimamia vibarua. Hayo hayo yanatakiwa na karani wa ununuzi, karani wa ankara, mratibu wa usambazaji, mpokea mizigo, karani wa vipuri kwenye karakana, msimamizi wa vifaa hospitalini au shuleni, msaidizi wa wakaguzi wa hesabu, mtunza vifaa kwenye eneo la ujenzi. Chagua kazi tatu kati ya hizo, zisizidi hapo. Kwa kila moja tengeneza nakala yake ya wasifu inayoanza na kipande cha ujuzi wanachokitaka wao. Karani wa ankara anaanza na kulinganisha hati tatu, yaani oda, hati ya kupokelea mzigo na ankara. Karani wa vipuri anaanza na namba za vipuri na viwango vya chini vya akiba. Wasifu mmoja unaotumwa kila mahali unamwambia kila msomaji kwamba haukuandikwa kwa ajili yake.

Na ndani ya wasifu weka namba. "Nilisimamia stoo" haimwambii mtu kitu. Mwajiri wa stoo anataka kujua aina ngapi za bidhaa, hesabu kamili ilifanywa kila baada ya muda gani, tofauti kati ya leja na mali ilikuwa kiasi gani, programu gani ulitumia na ulisimamia watu wangapi. Mfano: "Aina 1,800 za bidhaa, hesabu kila robo mwaka, tofauti chini ya asilimia 1, vibarua 4." Weka zako za kweli, maana kwenye usaili utaulizwa ulizipataje.

Kuhusu pengo lenyewe, usilifiche kwa kuandika miaka bila miezi. Mbinu hiyo inajulikana, na ukiulizwa kwenye simu utababaika. Sema sababu kwa nusu sentensi mwishoni mwa maelezo ya kazi ile ya zamani: "Ajira ilikoma idara ilipopunguzwa, waliopunguzwa walikuwa wanne." Kupunguzwa kwa kundi hakumtii mtu doa, na usipolisema msomaji ataweka dhana yake mwenyewe. Kama ndani ya miezi 11 ulipanga stoo ya kanisa au msikiti, ulimtunzia mtu vitabu vya duka, au ulipata cheti, kiingie na tarehe zake. Kama hakuna, usibuni.

Barua ya mdhamini ni jambo dogo ambalo watu hulipuuza mno. Huko Afrika Kusini, Martin Abel, Rulof Burger na Patrizio Piraino walikuta kwamba kuambatisha barua ya mwajiri wa zamani kuliongeza miito kwa asilimia 60, na bado watafuta kazi wachache sana walikuwa wakiitumia. Barua inayosema "huyu alifanya kazi hapa, tunamtakia kila la heri" haina nguvu. Inayofaa ina tarehe za kuanza na kuacha, majukumu, sababu ya kuachwa, makadirio ya wazi ya mambo matatu manne (uaminifu, usahihi wa hesabu, kufika kwa wakati, kushirikiana), na namba ya simu inayopokelewa. Bosi wa zamani ana shughuli zake, kwa hiyo mwandikie rasimu wewe mwenyewe, umpelekee arekebishe na kusaini. Kama kampuni imefungwa, mkaguzi wa hesabu aliyekuwa akikagua stoo yako anaweza kuandika, na kwa mwajiri neno lake huenda likawa na uzito kuliko la bosi.

Sasa nyumbani. Usilichukulie hili kuwa la pembeni. Alan Krueger na Andreas Mueller waliwafuatilia watu waliokuwa wakipokea malipo ya kukosa kazi huko New Jersey, Marekani, wakaona muda wanaoutumia kutafuta ukipungua wiki hadi wiki. Na hata zamani zaidi, kwenye kijiji cha Marienthal nchini Austria ambako kiwanda kilifungwa na familia nyingi zikakosa kazi, watafiti wa miaka ya 1930 walikuta watu wakiazima vitabu kidogo zaidi maktabani kuliko walipokuwa na kazi. Muda mtupu haujijazi wenyewe kwa jambo la maana. Hujazwa na wengine, na wewe umeshajazwa. Wanaokutuma si wabaya, hawaoni tu kwamba una kitu cha kuahirisha. Mkataba utakutatulia hilo kwa miezi 3. Kwa baada ya hapo, weka mapema saa maalumu, kwa mfano saa 3 hadi saa 6 asubuhi siku tano, na uziseme kwa sauti mbele ya mume wako na huyo kaka mwenye kujali thamani yako: saa hizi sitoki. Mgonjwa wa dharura ni dharura. Fundi anaweza kuja saa 8.

Andika pia kwenye karatasi wiki yako itakuwa na nini: maombi mangapi, siku gani, saa ngapi, kupitia njia zipi. Inaonekana ya kitoto, lakini katika jaribio jingine la Afrika Kusini waliojaza mpango wa namna hiyo walituma maombi asilimia 15 zaidi na walipata ofa asilimia 30 zaidi ya wasiojaza, kwa sehemu kwa sababu walichanganya njia badala ya kung'ang'ania moja. Ukiwa kazini, maombi manne mazuri kwa wiki yanatosha, pamoja na wale watu watano.

Kabla ya Ijumaa, omba mambo haya kwa barua pepe ili majibu yabaki kwenye maandishi. Cheo kitakachoandikwa kwenye mkataba: "mhesabu mali" au "msaidizi wa udhibiti wa mali" kitakufaa kuliko "kibarua", na mwajiri hapotezi chochote kukupa. Tarehe ya kuanza na kumaliza, na kama kuna uwezekano wa kuongezewa. Notisi ya kuondoka: jitahidi isizidi wiki 2, ili kazi ya kudumu ikitokea usifungwe. Siku na njia ya malipo, kwa sababu mikataba mifupi ndiyo inayocheleweshwa zaidi. Na nani anawajibika tofauti ikionekana kwenye hesabu. Hili la mwisho usiliache. Unaingia ghala usilolijua, leja ambayo hukuiandika, na upungufu uliokuwepo kabla yako unaweza kuandikwa kwa jina lako. Omba siku ya kwanza ifanyike hesabu ya kuanzia, isainiwe na wewe pamoja na msimamizi, na ubaki na nakala.

Barua ya mdhamini ya kazi hii iombe wiki ya 10, wakati msimamizi bado anakuona kila siku na taarifa yako ya hesabu iko mezani kwake. Mkataba ukishaisha, kumpata asaini inaweza kuchukua mwezi.

Mshauri